Na Sasa Hajambo

Jumatatu, 12 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu na bustani haijakushinda. Baba anakusalimu. Anauliza kwa nini hupokei simu. Nikamwambia dada yake alishasema simu ni ya watu wenye haraka, na haraka zake zote alizirudisha ofisini pamoja na funguo siku aliyostaafu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema basi tuandike, maana na yeye anajua wewe ni mkaidi kuliko punda.

Nimemaliza wiki ya kwanza katika ofisi yako ya ushauri kwa wanafunzi. Nasema yako kwa sababu hakuna mtu hapa shuleni anayesema ni yangu. Kila kitu nimekikuta ulivyonisimulia: ule ukuta mwembamba unaotutenga na stoo ya michezo, harufu ya mipira, dirisha linaloangalia tangi la maji, na droo isiyofunguka mpaka uipige ngumi. Meza ipo, kiti changu kipo, kiti cha mgeni kipo, na kile kidogo cha tatu kwenye kona, ambacho mimi siwezi kukikalia ila watoto kinawafaa kabisa.

Sasa nikueleze shida yangu. Chuoni walitufundisha kila kitu isipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Si mdogo umpakate, si mkubwa umhoji. Leo nimepokea saba. Wawili walikuwa wanaumwa tumbo, na nilipowaambia jaribio la hisabati limeahirishwa wakapona palepale. Kuna mvulana wa darasa la saba ambaye wenzake wanamwita Kipenga kwa sababu ya sauti yake. Aliletwa kwa kumpiga mwenzake. Sauti ile inayosikika mpaka barabarani ilikaa mbele yangu dakika arobaini bila kutoka. Alikuna tu kiraka cha suruali. Baada yake akaja msichana, naye aliangalia tangi la maji mpaka kengele ikalia, akasema asante, akaondoka.

Wewe walikuwa wanakupangia foleni mlangoni, walimu wote wananiambia hivyo. Uliwafanyaje? Niambie kabla sijarudi chuoni kudai warudishe miaka yangu mitatu.

Wako,
Kiherehere (jina ulilonipa mwenyewe, usilikane)


Jumanne, 20 Januari

Kiherehere wangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale, moja linatabiri mvua na lingine linalipinga. Mwambie kaka yangu punda anamsalimu.

Kosa lako nalijua bila kuwepo. Unawatumbulia macho. Mtoto wa umri ule ukimwangalia anajiona yuko mahakamani. Mwekee penseli butu kumi na kichongeo, umwombe akusaidie kuchonga, nawe ushughulike na makaratasi yako. Mkono ukipata kazi mdomo unalegea. Na usiulize kwa nini. Mtoto angejua kwa nini, asingekuja kwako. Uliza tu "halafu?", tena kwa sauti ya mtu aliyechoka kidogo.

La mwisho hukufundishwa na hutalikuta kwenye kitabu, na ndilo lililonipangia foleni. Ukiona amekwama kabisa, mwambie: "Kuna mwenzako aliwahi kukaa hapo. Naye yalimkuta mambo kama yako." Halafu mpe huyo mwenzake shida ileile unayoihisi kwa aliye mbele yako. Baba ameondoka? Na wa mwenzake aliondoka. Anachekwa kwa sababu ya meno? Na mwenzake alichekwa. Utaona anaacha kuchonga. Mtoto haogopi shida, anaogopa kuwa peke yake duniani mwenye shida hiyo.

Huyo mwenzake hayupo, bila shaka. Nilimtunga. Ila ana masharti yake. Usimpe jina. Usimpe sura. Na hadithi yake uimalize siku zote kwa maneno haya: "Na sasa hajambo." Miaka ishirini na miwili nimewaambia hivyo, na sijaona aliyetoka pale bila kushusha mabega.

Ni uongo, najua. Uhesabu kuwa ni uongo wa dawa.

Shangazi yako


Alhamisi, 5 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo mara mia. Nimekuwa mganga!

Kipenga amesema. Nilimpa penseli, nikamwambia kuna mwenzake ambaye mama yake alijifungua mtoto mwingine na nyumba nzima ikamsahau. Penseli ikasimama. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Mimi hata siku yangu ya kuzaliwa waliisahau." Akalia mpaka kamasi. Nilipomwambia na sasa hajambo, akajifuta kwa mkono wa shati, akaomba ruhusa aende kumtaka radhi aliyempiga. Shangazi, nilifunga mlango nikaruka peke yangu kama mwehu. Hii kazi inachosha mpaka kwenye kucha, lakini ukipata dakika moja kama ile unasamehe mwezi mzima.

Tangu hapo wanakuja. Jana walikuwa tisa kwenye foleni.

Ila kuna jambo dogo nataka unicheke nalo. Wiki iliyopita nilikuwa namwambia msichana wa darasa la sita habari za mwenzake, hata sijafika mbali, akanikatiza: "Yule anayekaa na mguu mmoja juu ya kiti?" Nikacheka, nikasema labda. Jumatatu mvulana wa darasa la nane, ambaye hajui hata kama yule msichana yupo duniani, aliniuliza: "Mwalimu, ndiye yule wa sweta ya kijani? Ambayo mkono wa kushoto umefumuka na anauzungusha uzi kidoleni?" Sweta za shule hii ni za bluu. Mimi nimefuata masharti yako, sijampa sura.

Sasa wana tabia. Mtoto akimaliza kuzungumza nami hafungi mlango, anauacha wazi kidogo. Nikamuuliza mmoja sababu. Akasema, "Na yeye atapita wapi?" Kile kiti cha kona hakuna anayekikalia hata foleni ikiwa ndefu vipi. Wanamwita Mwenzetu.

Leo ndipo nilipoamua kukuandikia. Kuna katoto kapya ka darasa la sita, hakajafikisha hata miaka kumi na mmoja. Nilipomaliza hadithi nikasema na sasa hajambo, kakaangalia kona, kakaniangalia mimi, kakauliza: "Kama hajambo, mbona haendi kwao?"

Nilijifanya natafuta kalamu.

Wako,
Kiherehere


Ijumaa, 13 Februari

Binti wa kaka yangu,

Watoto wanaambukizana hadithi kama wanavyoambukizana mafua. Mmoja anatia chumvi, wa pili anaongeza, kufika Ijumaa shule nzima imeona kwa macho yake. Sweta zilikuwa za kijani zamani, picha ziko ukumbini, nani asiyeziona? Usilikuze.

Hata hivyo acha kutumia hadithi ya mwenzao kwa muda. Penseli zinatosha.

Na hicho kiti unachosema kiko kwenye kona, sijui ni kipi. Kiti kidogo kilikuwepo kimoja tu, na nilikitoa mwenyewe wiki ile niliyostaafu. Nilikipeleka kwa fundi seremala wa nyuma ya shule, nikasimama nikimwangalia anakipasua, akatumia mbao zake kuzibia banda la kuku. Kama wamekuletea kingine, warudishie.

Sina zaidi.

Shangazi yako


Ijumaa, 27 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilikitoa kiti. Mwalimu wa michezo alinisaidia kukipeleka stoo, tukakiweka chini ya nyavu za mpira. Jumatatu asubuhi kilikuwa kwenye kona. Mwalimu wa michezo anaapa si yeye, na mimi ndiye mwenye ufunguo wa ofisi. Sijakigusa tena.

Lakini hilo silo lililonifanya niandike. Naomba usome hii barua ukiwa umekaa.

Kuna msichana wa darasa la saba tunamwita Karani kwa mwandiko wake. Walimu wanampa mpaka madaftari ya mahudhurio anakili. Ndiye yule wa barua yangu ya kwanza, aliyeangalia tangi la maji. Mama yake amekwenda kufanya kazi mbali tangu mwaka jana, na yeye amebaki kwa mjomba wake, ndugu wa mama, anayemlea na kumsomesha. Mwezi huu ameacha kula mchana. Mwandiko umeharibika, herufi zinaegemeana kama walevi. Akisikia kengele ya kwenda nyumbani anashika ukingo wa dawati.

Nilimpa penseli. Hadithi ya mwenzake sikuigusa, nilitii. Alichonga zote kumi, akazipanga mezani, akasema bila kuniangalia: "Mwenzetu ameniambia nisikuambie. Alimwambia mwalimu wa zamani, na yule mwalimu akaandika kitabuni, halafu akaita nyumbani."

Nikauliza, halafu?

"Halafu hakuna. Anasema Ijumaa ya kufunga shule nisiende kwa mjomba. Niende naye."

Wapi?

"Kwake."

Akanyanyuka, akatoka, akaacha mlango wazi kidogo. Shule inafungwa tarehe 27 Machi.

Huyu mtoto kuna jambo linampata kule nyumbani, sihitaji diploma kulijua. Na kuna mtu, au kitu, au wazimu wa watoto mia nne, unamshawishi aende pasipojulikana. Nimemweleza mwalimu mkuu. Amefungua ule mwongozo wa ofisi uliouandika wewe, ukurasa wa tatu: mlezi aitwe, mtoto arudie maneno yake mbele ya mlezi, pande zote zisikilizwe. Anataka tumwite mjomba.

Shangazi, huyo mwenzao ulimtunga kweli?

Wako,
Kiherehere


Jumatano, 4 Machi

Binti wa kaka yangu,

Usimwite mlezi. Mwambie mwalimu mkuu chochote, mwambie kitabu kimepotea, lakini usimwite. Na mtoto asiwe peke yake mchana.

Muulize mtoto, Mwenzao alisema nini kuhusu kitabu? Alisema kina jalada la rangi gani?

Nijibu upesi.

Shangazi yako


Jumatatu, 9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Jalada jekundu. Lenye doa la chai lililofanana na sikio. Nilimuuliza Karani, akajibu kama ninamuuliza saa ngapi. Kwenye kabati kuna madaftari yako yote ya miaka thelathini, ni ya bluu. Jekundu halipo.

Unaniambia nisimwite mlezi, hunipi sababu. Unaniuliza rangi ya jalada na mtoto anakauka mbele ya macho yangu. Samahani, nakuheshimu, lakini hapa unanipiga chenga. Miaka yote hiyo ulifuata ukurasa wa tatu, leo kwangu umekuwa sumu? Mwalimu mkuu ameshapeleka wito. Mjomba anakuja Ijumaa hii, tarehe 13, saa tano asubuhi. Nikikataa bila hoja nitaandikiwa barua ya onyo, na bado niko kwenye majaribio.

Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, ifike kwako leo. Kama kuna kitu unakijua, mpe huyohuyo akirudi. Nikikosa jibu, Ijumaa nitafanya ulivyoandika wewe.

Kiherehere


Jumatano, 11 Machi

Mwanangu,

Dereva alikuja jana na juzi, nikamwambia arudi kesho. Leo nimemwambia asubiri mlangoni mpaka nimalize, la sivyo nitaahirisha tena mpaka nife.

Sikumtunga.

Ulikuwa mwaka wangu wa nane pale. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwenye kicheko cha kukatakata, na alikuwa anakaa na mguu mmoja juu ya kile kiti kidogo hata nimkataze vipi. Sweta yake ilifumuka mkono wa kushoto. Alikuja kwangu siku ya Alhamisi, akaniambia mambo anayofanyiwa na baba yake wa kambo. Nilifungua daftari jekundu nikaandika. Nilikuwa najivunia kuandika vizuri. Alipokuwa anasema nilimkatiza mara tatu ili nipate tarehe.

Kisha nikafuata utaratibu. Nilimwita yule baba. Alikuja amepiga pasi, anatabasamu, ananiita mama. Tukakaa watatu kwenye viti vitatu. Nikamwambia mtoto, rudia yale uliyoniambia. Aliniangalia mimi, shangazi yako huyu, na ananiangalia mpaka leo. Akasema, "Nilidanganya." Yule mtu akacheka, akaniomba radhi kwa usumbufu, akamshika mkono. Niliwafungulia mlango mwenyewe. Nilimwambia mtoto nenda nyumbani, mambo yatakuwa sawa.

Jumatatu hakuja. Wakasema amehamishwa. Mwezi uliofuata wakaokota sweta ya kijani kwenye jalala la nyuma ya stesheni. Yeye hakupatikana, si mzima si maiti. Baba wa kambo alikuwa ameshahama, na polisi walipokuja kuniuliza niliwaambia mtoto alikana mwenyewe. Daftari jekundu nililichoma. Ukurasa wa tatu niliuacha ulivyo, kwa sababu kuubadilisha kungetaka nieleze sababu.

Muhula uliofuata alikuja mtoto mwingine, amekwama. Mdomo wangu ukasema wenyewe: kuna mwenzako aliwahi kukaa hapo. Na nilipofika mwisho sikuweza, mwanangu, sikuweza kuusema ule mwisho. Nikasema na sasa hajambo. Mtoto akashusha mabega. Na mimi nikashusha. Kwa hiyo nikarudia kesho yake, na kesho kutwa, miaka ishirini na miwili. Wale watoto nilidhani nawatibu wao, kumbe najitibu mimi.

Ninaona haya ambayo sina mahali pa kuyaweka. Lakini hayo baadaye. Usimkalishe yule mtoto mbele ya yule mtu. Hata wakikufukuza kazi. Na usimwambie hajambo.

Shangazi yako


Jumapili, 15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Basi liliharibika njiani, kwa hiyo barua yako niliipata Ijumaa saa nne na nusu, dereva alinipa getini. Niliisoma nimesimama kando ya tangi la maji. Sitakuficha, nilikuchukia. Nilikuchukia kwa dakika kama tano, halafu nikasikia mwalimu mkuu anacheka na mtu koridoni, nikaangalia: mwanamume nadhifu, shati limenyooka kwa pasi, amebeba zawadi ya kalamu kwa walimu. Mjomba alikuwa amewahi.

Nilimkaribisha ofisini kwangu, nikamwambia asubiri, namfuata mtoto. Nikafunga mlango. Nikamtoa Karani darasani, tukapita stoo ya michezo, tukatokea mlango wa nyuma, tukakimbia. Mimi na viatu vyangu vya kisigino, Shangazi, mpaka ofisi ya ustawi wa jamii, mitaa miwili kutoka shuleni, pembeni ya lile duka la kutoa kopi. Kulikuwa na foleni. Tukakaa kwenye benchi.

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia yule mwenzako hakupona. Alimwambia mwalimu, na mwalimu akamrudisha mikononi mwa yule aliyekuwa anamuumiza, na hakuonekana tena. Nikamwambia mwalimu huyo ni shangazi yangu, na mimi sitakurudisha, hata leo tukilala kwenye benchi hili.

Karani akasema, "Najua. Alishaniambia. Alitaka tuone kama na wewe utadanganya."

Halafu akasema yote. Alianza na meza anayoiburuta nyuma ya mlango wa chumba chake, na nilisema "halafu?" mara mbili tu, mengine alisema mwenyewe. Afisa alikuwa mama mmoja mnene, mpole, hakumkatiza. Alipiga simu mbili. Shule ilipigiwa, polisi wakaenda. Mjomba walimkuta ofisini kwangu bado. Mwalimu wa michezo aliyeingia kabla yao kuniulizia anasema alimkuta amejibanza ukutani, jasho linamtoka, akamuuliza, "Huyu mtoto ananitazamia nini?" Kwenye chumba hakukuwa na mtu mwingine.

Sasa mjomba yuko ndani, mahabusu. Mama yake Karani amepigiwa, atafika kesho jioni. Kwa sasa mtoto yuko kwa yule afisa na jana alikula sahani mbili. Ijumaa ya kufunga shule haendi popote ila kwa mama yake. Mwalimu mkuu ameniandikia barua ya onyo kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine ameuchana ukurasa wa tatu mbele yangu. Nililia kama Kipenga.

Na niliporudi ofisini kile kiti kidogo hakikuwepo. Hakiko stoo, hakiko popote. Kipenga alipita dirishani akanipungia mkono, akasema kwa sauti yake yote, "Mwalimu, Mwenzetu ameaga!"

Limebaki jambo moja, nalo nimelizunguka barua nzima. Pale kwenye benchi, Karani alipomaliza kusema, aligeuka upande ambao haukuwa na mtu, akasikiliza, kisha akaniuliza: "Anauliza huyo mwalimu wa zamani anakaa wapi siku hizi." Nilikuwa nimekula kiapo asubuhi ile kwamba simdanganyi tena mtoto yeyote. Nikajibu kabla sijafikiri. Nilitaja mji, mtaa, na geti la kijani lenye kengele mbovu.

Nisamehe. Jumamosi ijayo nitakuja kukaa nawe. Usiwe peke yako.

Kiherehere


Jumanne, 24 Machi

Mwanangu,

Usiniombe radhi. Umefanya katika asubuhi moja kazi niliyoshindwa maisha mazima, na ningekuwa karibu ningekubusu hizo nyayo zilizokimbia na visigino. Mtunze yule mtoto. Mwambie mama yake asimuulize maswali, amngoje.

Jumamosi ulipogonga nilikuwepo. Nilikusikia ukiniita, nikasikia na machozi yako. Sikufungua kwa sababu tulikuwa katikati ya mazungumzo.

Amefika. Alikuja Alhamisi saa tisa mchana, jua kali, naanua nguo uani. Nilisikia kiti kinaburutwa jikoni, nikajua. Niliingia na kapu la nguo mkononi. Amekaa upande wa pili wa meza, mguu mmoja juu. Niliogopa, sikufichi, nililiangusha kapu nikakaa juu ya nguo safi. Kilichonimaliza si yeye kuwepo. Ni udogo wake. Mwaka hadi mwaka nimekuwa nikimkumbuka mkubwa mkubwa, msichana wa kuweza kujitetea, labda ili kosa langu lipungue. Ni mtoto, mwanangu. Mguu wake wa pili haufiki sakafuni.

Hakuja kunidhuru. Anakuja kusema. Kila siku saa tisa anaanza mwanzo, maneno yaleyale ya siku ile ya Alhamisi, na akifika pale nilipochukua kalamu ananyamaza, anaiangalia mikono yangu. Siku mbili alikwama hapo, akaondoka. Jumamosi niliikalia mikono. Akaendelea. Ndiyo sababu sikukufungulia.

Kuna mambo mengi sikuyasikia kwa sababu ya kutafuta tarehe. Nayasikia sasa. Mengine ni mazito mpaka natapika akishaondoka, mengine ni ya kitoto tu. Alikuwa na paka, alikuwa anamficha chini ya kitanda. Nasema "halafu?" Namwangalia usoni, kwa kuwa yeye anataka aangaliwe. Jana alifika pale nilipowafungulia mlango. Nilimwambia nilikosa. Nilimwambia hakudanganya, mimi ndiye niliyedanganya, na kwamba hakuna siku hata moja alipokuwa hajambo. Aliacha kuuzungusha ule uzi.

Kisha akaniuliza, akishamaliza kusema, kama nitamwambia aende nyumbani.

Usije wiki hii, wala ijayo. Baba yako mwambie niko salama, na usimwambie zaidi. Nimemjibu mtoto kwamba harudi kule tena, atakaa hapa kwangu. Kitanda cha pili nimeshakitandika.

Shangazi yako